Mzee anapokonda licha ya kulishwa: Ukweli kuhusu dimensia katika hatua za mwisho

KATIKA miji ya mpakani ya Busia na Malaba, karibu kila kitu hupimwa uzani. Matrela yanayoelekea Uganda, Rwanda na Kongo hupandishwa kwenye mizani ya barabara kuu. Magunia ya mahindi na maharagwe yanayovuka kutoka Uganda hupimwa mbele ya maghala, na omena huuzwa kwa gorogoro ambalo kila mama sokoni anajua ujazo wake.

Lakini mzee aliyelala nyumbani, hatua chache kutoka barabara hiyo, anaweza kupoteza kilo 10 kwa mwaka bila yeyote kumpima. Jamaa hushtuka pale nguo zinapompwaya, mifupa ya mabega inapochomoza na pete inapoteleza kidoleni.

Hapo ndipo maswali huanza. Je, amerogwa? Ana kifua kikuu? Au mkaza mwana anayemtunza anamnyima chakula?

Mara nyingi jibu huwa jingine kabisa. Mzee aliyeanza kwa kusahau majina ya wajukuu, akaja kupotea njia ya sokoni na hatimaye akanyamaza, ana ugonjwa wa ubongo uitwao dimensia. Kukonda ni sehemu ya ugonjwa huo, na katika hatua za mwisho huwa miongoni mwa dalili zake kuu.

Dimensia ni nini?

Dimensia ni jina la pamoja la maradhi yanayoharibu chembechembe za ubongo hatua kwa hatua, hadi mtu akapoteza kumbukumbu, lugha, uamuzi na hatimaye uwezo wa kuutawala mwili wake. Aina inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Nyingine hutokana na kiharusi na mishipa ya damu iliyoharibiwa na shinikizo la damu au kisukari.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa na dimensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Kila mwaka huzuka visa vipya karibu milioni 10.

Wanaodhani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu hawana budi kutazama wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Huko watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimensia.

Hata hivyo, wengi bado huiona kuwa uzee tu. Ripoti ya shirika la Alzheimer's Disease International ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba asilimia 80 ya watu wa kawaida waliohojiwa katika mataifa mbalimbali waliamini dimensia ni jambo la kawaida la uzeeni. Miongoni mwa wahudumu wa afya na utunzaji, asilimia 65 waliamini vivyo hivyo.

Kivuli cha 'silimu'

Katika eneo la mpakani, kukonda kuna historia chungu. Mnamo 1985, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha maelezo ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu wilayani Rakai, Uganda. Wenyeji walikuwa wameupa jina la 'Slim', ambalo kwa Kiganda likawa 'silimu'. Baadaye dunia nzima iliujua kama Ukimwi.

Miji iliyo kando ya barabara ya matrela iliumizwa sana na janga hilo, na tangu hapo mtu aliyekonda amekuwa akitazamwa kwa jicho la shaka. Miongoni mwa Waluo na majirani zao, kukonda pia huhusishwa na chira, yaani adhabu inayoaminika kumpata mtu aliyevunja mwiko.

Matokeo yake ni kwamba mzee mwenye dimensia huweza kufichwa chumba cha nyuma, kupelekwa kwa waganga kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, au kuombewa hadi fedha za familia zikaisha. Anayemlisha naye huishi chini ya tuhuma. Wana walioko Nairobi au Kampala wanapofika nyumbani Krismasi na kumkuta mama yao amebaki mifupa, lawama za kwanza humwendea aliyebaki naye.

Kwa hiyo kuuelewa ugonjwa huu ni jambo la tiba, na vilevile ni jambo la haki kwa watu wawili: anayekonda na anayemlisha.

Jambo lililojulikana tangu mwanzo

Daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake, alianza kumchunguza mwanamke aitwaye Auguste Deter mjini Frankfurt mwezi Novemba 1901. Mgonjwa huyo alikuwa na umri wa miaka 51. Alifariki Aprili 1906 baada ya kuwa mtu wa kulala kitandani tu, akiwa amejikunja na mwili wake umejaa vidonda vya kulalia. Novemba mwaka huo, Alzheimer aliwaeleza wenzake mjini Tübingen mambo aliyoyaona ndani ya ubongo wake.

Zaidi ya karne moja baadaye, picha ya hatua ya mwisho haijabadilika sana. Alzheimer's Disease International ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu lishe kwamba kati ya asilimia 20 na 45 ya wagonjwa wanaoishi nyumbani hupoteza uzani kwa kiasi cha kutia wasiwasi katika muda wa mwaka mmoja.

Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba uzani huweza kuanza kushuka miaka kadhaa kabla ya usahaulifu kutambuliwa. Kwa maneno mengine, mama mwenye umri wa miaka 68 anayepungua polepole bila sababu, ilhali bado anauza ndizi zake sokoni, anastahili kuchunguzwa.

Kwa nini mgonjwa hukonda?

Hakuna sababu moja. Ziko nyingi, na hufuatana jinsi ugonjwa unavyosonga mbele.

Mwanzoni mgonjwa husahau. Hawezi kukumbuka kama amekula, huacha sufuria ikaungua, au hununua chumvi mara tatu na kurudi bila unga. Anayeishi peke yake huanza kupungua katika hatua hii.

Kisha pua na ulimi hupoteza makali. Ugonjwa wa Alzheimer huharibu mapema sehemu za ubongo zinazotambua harufu, na chakula kisicho na harufu hakina ladha. Samaki wa kukaanga aliyempendeza maisha yake yote huwa kama karatasi mdomoni. Wengi hubaki wakipenda vitu vitamu peke yake.

Sehemu za ubongo zinazoamsha njaa nazo hudhoofika. Mgonjwa hawezi kusema ana njaa, na wakati mwingine haisikii kabisa. Wengine huwa na majonzi, wakakosa hamu ya kila kitu. Mzee aliyezoea kuketi na wenzake kwenye chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, huacha kwenda, na mlo wa pamoja nao ukakatika.

Katika hatua ya kati mikono husahau kazi yake. Mgonjwa hutazama ugali bila kujua autende nini. Hafinyangi tonge na hafikishi kijiko mdomoni. Wengine hawatulii. Huzunguka boma mchana kutwa na usiku, wakitumia nguvu ambazo chakula chao kidogo hakiwezi kuzirudisha.

Mwishoni koo hushindwa. Kumeza ni kitendo chenye hatua nyingi ambazo ubongo huzipanga bila sisi kujua. Mpangilio huo ukivurugika, mgonjwa hukumbatia chakula shavuni kwa dakika nyingi, hukitema, hukohoa kila anapokunywa maji, au hupaliwa. Chakula kikiingia katika mapafu badala ya tumbo, huleta nimonia.

Zaidi ya hayo kuna misuli. Asiyetembea hupoteza misuli upesi, hata akila. Mwili unaokosa chakula huanza kujitafuna, nao huanza na misuli hiyo hiyo, ikiwemo ile ya kumeza na ya kukohoa. Hivyo kukonda huzidisha ugumu wa kumeza, na ugumu wa kumeza huzidisha kukonda.

Ikumbukwe kwamba si kila dimensia hukondesha tangu mwanzo. Katika aina inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, mgonjwa huweza kula kupita kiasi na kunenepa kabla ya hatua ya mwisho.

Usikimbilie kulaumu ubongo

Hili ni onyo muhimu. Mgonjwa wa dimensia huweza kukondeshwa na maradhi mengine yanayotibika, na kwa kuwa hawezi kujieleza, hakuna atakayejua asipochunguzwa.

Kwanza ni kifua kikuu, ambacho kwa wazee huja wakati mwingine bila kikohozi kikali. Pili ni virusi vya HIV. Wazee nao huambukizwa, na virusi hivyo vyenyewe huweza kudhuru ubongo na kuleta usahaulifu. Kipimo cha damu hukata mzizi wa fitina kuliko minong'ono ya majirani.

Tatu ni mdomo: meno yaliyooza, meno bandia yasiyomkaa tena, vidonda au utando mweupe wa ukungu kwenye ulimi. Nne ni kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingo, saratani na kufunga choo kwa siku nyingi. Tano ni maumivu. Mzee mwenye maumivu ya kiuno anayelazimishwa kuketi ili ale atakataa chakula, na watu watasema ni ukaidi.

Sita ni dawa. Donepezili, inayotumiwa kupunguza makali ya Alzheimer, huweza kuleta kichefuchefu, kuendesha na kukosa hamu ya chakula. Metfomini ya kisukari nayo hupunguza uzani. Dawa za usingizi humfanya mgonjwa asinzie wakati wa mlo. Familia isisimamishe dawa yenyewe, bali impelekee daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo zilizonunuliwa ng'ambo ya pili ya mpaka.

Uchunguzi wa awali huweza kufanyiwa katika hospitali za umma za kaunti, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Kwa maradhi magumu zaidi, wagonjwa wa eneo hilo huelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Kupima bila mashine ya hospitali

Mgonjwa anayeweza kusimama apimwe uzani mara moja kwa mwezi, akiwa na nguo nyepesi, na nambari iandikwe daftarini pamoja na tarehe. Asiyefika hospitalini anaweza kusimama kwenye mizani ya jukwaa ya muuza nafaka, ili mradi mizani iwe ile ile kila mara na ashikiliwe hadi inapomwachia tu.

Kanuni ya kutahadhari ni hii: kupoteza asilimia 5 ya uzani kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, ni hatari. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 kwa mwezi au kilo 6 kwa miezi sita.

Asiyeweza kusimama apimwe kwa futi kamba ya fundi wa nguo. Mzunguko wa katikati ya mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 23.5, au wa sehemu nene ya shavu la mguu ukiwa chini ya sentimita 31, huashiria upungufu wa lishe. Miguu iliyovimba huficha kukonda, kwa hiyo katika hali hiyo mkono ndio wa kuaminiwa.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kote nchini mwaka 2023, hutembelea maboma na kuwapima watoto. Familia yenye mzee mgonjwa inaweza kuwaomba wamtazame pia.

Chakula kidogo chenye nguvu nyingi

Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mzee huhitaji takriban kilokalori 30 na angalau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzani wake kila siku. Mama wa kilo 50 basi huhitaji kilokalori 1,500 na gramu 50 za protini.

Kikombe cha uji mwepesi hakiwezi kutimiza hesabu hiyo, kwani sehemu kubwa yake ni maji. Tumbo la mgonjwa hujaa, ilhali mwili wake unalala njaa. Siri ni kuongeza nguvu ndani ya chakula bila kuongeza wingi wake.

Katika masoko ya Busia na Malaba viungo vya kazi hiyo havikosekani. Uji wa wimbi unaweza kupikwa kwa maziwa badala ya maji, ukatiwa kijiko cha siagi ya karanga au ufuta uliosagwa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia huongeza takriban kilokalori 120. Omena iliyokaushwa na kusagwa ikawa unga laini huchanganywa na mchuzi. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini.

Parachichi lililopondwa, maziwa mala, ndizi mbivu, viazi vitamu na malenge vilivyopondwa kwa maziwa ni laini na vina nguvu. Wakati huu si wa kumnyima sukari na mafuta kwa hofu ya magonjwa ya baadaye, isipokuwa daktari ameagiza hivyo. Uji mtamu ukimfanya ale, na uwe mtamu.

Apewe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na mlo mkubwa uwe wakati anapokuwa macho zaidi. Kwa wengi huo ni wakati wa asubuhi. Anayezunguka apewe vya kushika mkononi, kama kipande cha ndizi, kiazi kitamu au yai la kuchemsha, ili ale akitembea.

Sanaa ya kulisha

Namna ya kulisha ina uzito sawa na chakula chenyewe. Redio izimwe, watoto watolewe nje na, ikiwezekana, mgonjwa aketishwe mbali na ngurumo za matrela. Mwenye kulisha aketi mbele yake, macho kwa macho, wala asisimame juu yake.

Mgonjwa aketi wima, kidevu kikiinama kidogo, na abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kula. Asilishwe akiwa amelala chali wala akisinzia.

Kijiko kiwe kidogo, kijazwe nusu. Mlishaji angoje aone koo limepanda na kushuka kabla ya kupeleka kingine, kisha atazame mashavuni kama chakula kimebaki. Anayekohoa kwa maji huweza kumeza uji mzito au maziwa mala kwa urahisi zaidi. Mdomo usafishwe baada ya kila mlo, kwa sababu uchafu wa mdomoni ukishuka mapafuni huzidisha nimonia.

Mgonjwa aliyesahau kijiko anaweza kukikumbuka akishikiwa mkono. Mlishaji auweke mkono wake juu ya wa mzee, na wote wawili waupeleke mdomoni. Mlo kama huo huchukua hata dakika 40.

Kamwe asilazimishwe. Kumbana pua, kumfungua meno kwa kijiko au kumwagia uji kooni ni njia ya moja kwa moja ya kumpalia. Akigeuza uso, subiri nusu saa kisha ujaribu tena.

Dripu, dawa za hamu na mpira wa puani

Familia iliyokata tamaa hutumia fedha nyingi mahali pasipofaa. Dripu ya maji yenye glukosi humsaidia aliyeishiwa maji kwa muda mfupi, lakini si chakula. Lita nzima ya dripu ya kawaida ya glukosi asilimia 5 haifikishi kilokalori 200.

Vidonge na dawa za maji za kuongeza hamu ya chakula huuzwa katika maduka ya dawa. Nyingi zina siproheptadini. Kwa mtu mwenye dimensia, dawa hiyo huweza kuongeza kuchanganyikiwa, kufunga choo na kuzuia mkojo. Wataalamu wa tiba ya wazee hushauri iepukwe.

Swali gumu zaidi huja hospitalini: atiwe mpira wa kulishia kupitia puani, au afanyiwe upasuaji mdogo na mpira upitishwe tumboni?

Kwa mgonjwa wa kiharusi anayetarajiwa kupona, mpira huo huokoa maisha. Kwa dimensia ya hatua ya mwisho, hali ni tofauti. Mapitio ya Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyojumlisha tafiti 14, hayakupata ushahidi kwamba mpira huongeza maisha. Badala yake, yalionyesha kwamba vidonda vya kulalia huenda vikaongezeka.

Nacho Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani kilitangaza mwaka 2014 kwamba hakipendekezi mpira katika hatua hiyo. Kilisema kulisha kwa mkono kwa uangalifu hakupitwi na mpira kwa upande wa vifo, nimonia wala starehe ya mgonjwa. Mate na chakula kinachopanda kutoka tumboni bado huingia mapafuni. Tena mgonjwa asiyeelewa huung'oa mpira, naye hufungwa mikono.

Kukataa mpira si kumwua mzee kwa njaa. Ni kuchagua kijiko, mkono na uso anaoufahamu.

Mwisho unapokaribia

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wagonjwa 323 wa hatua ya mwisho katika nyumba 22 za wazee mjini Boston na viunga vyake, nchini Marekani, kwa miezi 18. Katika muda huo asilimia 85.8 walipata tatizo la kula, asilimia 41.1 walipata nimonia na asilimia 54.8 walifariki. Kati ya waliopata tatizo la kula, karibu wanne katika kila 10 walifariki ndani ya miezi sita.

Hao walikuwa na wauguzi mchana na usiku, katika nchi tajiri. Binti au mkaza mwana wa Busia anayemwona mzee wake akipungua licha ya kumlisha mara sita kwa siku hana sababu ya kujihukumu.

Mgonjwa anapofikia hatua ya kutotamka zaidi ya maneno machache, asiyeweza kuketi bila kuegemezwa na anayepaliwa kila mara, shabaha ya kulisha hubadilika. Lengo haliwi tena kuongeza kilo, bali ni ladha, unyevu wa mdomo na kuwa pamoja. Vijiko vitatu vya uji alivyovifurahia vina thamani kuliko bakuli lililomtesa.

Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili vidonda visitokee, midomo ipakwe mafuta na maumivu yatibiwe. Huduma ya kupunguza mateso, ambayo wengi huijua kwa wagonjwa wa saratani, inamfaa pia mgonjwa huyu. Siku za mwisho mwili hauhitaji tena chakula, na kutokula huwa ni sehemu ya kufa, si chanzo chake.

Mzigo wa nani?

Katika jamii nyingi za Busia, wakiwemo Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Waiteso, mzee hutunzwa nyumbani, na kazi hiyo humwangukia mwanamke. Heshima ya ukwe huleta ugumu zaidi. Mkaza mwana anaweza kumpikia baba mkwe wake, lakini kumshika, kumwogesha na kumtia kijiko mdomoni ni jambo linalogusa mipaka ya miiko.

Dawa ya hilo ni familia kuketi mapema na kugawana zamu. Mwana wa kiume amlishe na kumwogesha baba yake, mjukuu ashike zamu ya jioni, walio mbali watume fedha za maziwa na mayai. Daftari la uzani na milo liwekwe mahali ambapo kila jamaa anaweza kulisoma. Hilo humlinda mlishaji dhidi ya tuhuma kuliko maneno mengi.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kupata matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia na Serikali. Mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na waliosajiliwa hutengewa Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hununua maziwa na mayai, ijapokuwa hazimlipi anayeacha kibanda chake cha sokoni ili amlishe mama mkwe. Matibabu ya hospitalini nayo, tangu Oktoba 2024, yamo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF.

WHO ilipitisha mpango wa kimataifa kuhusu dimensia mwaka 2017, na mwaka 2025 nchi wanachama zikaurefusha hadi 2031. Nchini Kenya, watafiti wamefanya kazi katika Kaunti ya Makueni, na chama cha familia za wagonjwa kimeundwa Nairobi. Katika vijiji vya mpakani, tegemeo kubwa bado ni jamaa na majirani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jirani anayemwona mzee amekonda angefanya vyema kuingia ndani, akachukua kijiko na kumpumzisha kwa saa moja yule aliyekuwa akimlisha tangu alfajiri.